Waya Mweusi Chini ya Usukani

Jumapili, 3 Machi

Baba Pacha,

Shangazi amepita asubuhi kuuliza kama nimeshakuandikia. Nikamwambia karatasi iko mezani. Akasema karatasi mezani si barua, akavuta kiti, akakaa mpaka akaniona nimeshika kalamu. Kwa hiyo ujue unasoma maneno yaliyoandikwa chini ya ulinzi.

Sharti lake, kwamba tuandikiane badala ya kupigiana, mimi silikatai. Simu zetu zilikuwa zinaanza na umeamkaje na kuishia kwa mmoja kumkatia mwenzake. Shangazi anasema barua haikatiki, na mtu akiandika tusi ana muda wa kulifuta kabla lori la mafuta halijaondoka kuja huko kambini kwenu. Simu iwe ya ugonjwa na msiba tu. Haya, tumwone mwenye busara zake.

Watoto wa shule nimeanza kuwabeba. Najua ulivyosema, kwamba gari la nyumbani si basi na mke wa mwendesha greda si dereva wa watoto wa watu. Lakini wazazi wananisubiri getini na watoto wamevaa vizuri, na mimi nikishika ule usukani naona nami ni mtu mwenye kazi yake. Usininunie kwa hilo. Wifi, Mungu ambariki, anatoka kwake mlango wa pili alfajiri na kuja kuwaamsha pacha, kuwaogesha na kuwanywesha chai, ndipo mimi napata nafasi ya kutoka.

Nimefunga redio mpya, spika mbili za nyuma na taa mbili za ukungu kwa ajili ya asubuhi za mvua. Kafunga fundi mmoja anaitwa Fundi Redio. Jina hilo hakulipata kwa kufunga redio, amelipata kwa sababu hazimiki. Nilisimama juu ya kichwa chake nikimtazama. Alikwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga waya mweusi hapo kwa bolti yake peke yake, akapaka grisi juu. Waya mwekundu akautia fyuzi karibu na betri. Anasema umeme ni kama mgeni, ukimkaribisha ndani mwonyeshe na mlango wa kutokea. Alinieleza hayo kwa muda ambao angefunga redio tatu.

Gari ni zima kabisa, halina hata kikohozi. Pacha wanakusalimu.

Wako,
Mama Pacha


Jumamosi, 9 Machi

Kwako Mama Pacha,

Barua imefika, nami ni mzima. Vumbi tunakula, joto tunalala nalo, lakini barabara inakwenda.

Habari za redio na taa nimezisikia. Mambo ya umeme wa gari si ya kuchezea, na fundi anayesema sana mara nyingi anajaza pengo la kazi. Mwambie afanye kazi yake huko nyuma na kwenye boneti, lakini asiguse chini ya usukani. Narudia, chini ya usukani asiguse. Pale kuna waya za mfuko wa hewa, akikosea unaweza kumlipukia usoni. Nawe usimruhusu hata akikubembeleza.

Jambo jingine nauliza tu. Ukishawashusha watoto mchana unapita njia gani? Kule upande wa kiwanda cha magodoro barabara ni mbovu, na si mahali pa gari la mtu mwenye heshima kusimama muda mrefu. Sisemi kwamba unasimama. Nasema kama.

Wabusu pacha. Msalimu dada.

Mumeo,
Baba Pacha


Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu Chaja,

Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu humu hemani tunalala wanaume sita na maneno haya si ya kusikiwa na mtu. Ukishasoma chana.

Kile kidude cha kufuatilia gari ulichonifungia siku shemeji yako alipokwenda harusini kinafanya kazi. Nikipanda lundo la kokoto nyuma ya karakana simu inashika mtandao, naona ile nukta nyekundu inatembea. Asubuhi inakwenda shuleni, sawa. Mchana inarudi shuleni, sawa. Lakini kila Jumatano inakwenda kusimama kando ya kiwanda cha magodoro, na haitoki mpaka jua linaanza kushuka. Juma hili imesimama hapo na Ijumaa pia. Na katika barua yake ameniandikia kwamba gari ni zima kabisa na hakutaja kiwanda wala godoro.

Wewe hujaoa, hujui. Humu kambini kila mwezi kuna mtu anaitwa pembeni kupewa habari za nyumbani kwake. Mwenzangu wa kitanda cha pili alirudi likizo akakuta mlango una kufuli jipya. Sitaki kuwa yeye.

Niambie jambo moja tu, kidude kile kinaweza kudanganya? Na usimwambie dada, maana yeye na wifi yake ni kidole na pete.

Kaka yako


Alhamisi, 14 Machi

Kaka mkubwa,

Kidude hakidanganyi. Watu ndio wanadanganya, kidude kinasema kilipo basi.

Mimi kazi yangu ni simu, magari siyajui sana, lakini pale nilifanya kazi safi. Chini ya usukani nilikuta bolti moja imeshika waya nyeusi nyingi za gari lenyewe. Nikasema hapa ndipo penyewe, kwa nini nitoboe tundu jipya? Nikailegeza, nikachomeka waya wangu mweusi katikati, nikaikaza kwa koleo, maana spana ya saizi ile sikuwa nayo. Rangi sikukwangua, bolti ilikuwa imeshapakwa vizuri na waliotengeneza gari, mimi ni nani niiharibu? Waya mwekundu niliuchuna na kuuunga kwenye waya wa taa. Fyuzi sikuona haja, kidude chenyewe kinakula umeme kidogo kuliko simu.

Kuhusu kiwanda cha magodoro, ukitaka naweza kupita pale na pikipiki. Wewe sema tu.

Chaja


Jumapili, 17 Machi

Baba Pacha,

Nani amekwambia habari za kiwanda cha magodoro?

Nimeisoma barua yako nikasimama nayo jikoni mpaka maji yakakauka sufuriani. Mimi sijawahi kukuandikia neno kiwanda. Wewe uko mbali kiasi kwamba barua inachukua siku kadhaa kufika, na bado unajua gari langu linasimama wapi. Halafu unanizungukia, "nasema kama". Kama nini, mume wangu? Ukitaka kuuliza uliza.

Haya, nitakujibu swali ambalo hukuuliza. Kando ya kiwanda cha magodoro ndipo ilipo karakana ya Fundi Redio. Gari si zima. Nilikuficha kwa sababu nilikuwa nasikia sauti yako tangu huku, "nilikwambia, nilikwambia". Redio inapiga mluzi. Nikikanyaga mafuta mluzi unapanda, nikiachia unashuka, watoto wameshaufanya wimbo. Nikiwasha taa, mshale wa mafuta unapanda wenyewe mpaka juu. Ingekuwa kweli tungetajirika. Na nikiwasha indiketa, taa za dashibodi zinakonyeza pamoja nayo.

Fundi anaona aibu, anadhani kosa ni lake. Kila Jumatano, na mara moja Ijumaa, anafungua waya mweusi wa redio, anakwangua upya, anafunga upya, na hanidai kitu. Anasema dalili zote ni za umeme uliokosa njia nzuri ya kurudi. Ameomba aangalie chini ya usukani, nikamwambia mume wangu amekataza. Akaguna, akaacha.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Aliyejua kwamba nikichelewa Jumatano niko pale ni mtu mmoja tu, naye ni dada yako, kwa sababu ndiye anayebaki na pacha. Kumbe mkono unaoninyweshea watoto chai ndio unaokupelekea habari zangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama ndivyo, niambie. Kama sivyo, niambie pia.

Mama Pacha


Jumamosi, 23 Machi

Kwako Mama Pacha,

Nani kaniambia si hoja. Mtu mwema hasikilizi nani kasema, husikiliza kilichosemwa.

Umekiri mwenyewe kwamba uliniandikia uongo. Gari zima kabisa, ndivyo ulivyosema, halina kikohozi. Leo unanipa mluzi na mshale wa mafuta. Kesho utanipa nini? Mimi nimefanya kazi na mashine maisha yangu yote, sijaona fundi anayerudia kazi bure kila juma. Fundi wa namna hiyo kuna kitu anapata. Panapofuka moshi pana moto.

Nakuagiza uache kwenda kwa huyo mtu. Redio izime. Na chini ya usukani pabaki kama palivyo.

Baba Pacha


Jumapili, 31 Machi

Kaka,

Sijakuandikia tangu uondoke kwa sababu sikuwa na shida. Leo ninayo.

Wifi ameniambia nisije tena asubuhi. Hakunifokea, ingekuwa afadhali. Alisimama mlangoni akasema, "Wifi, pumzika, nitawaogesha mwenyewe, kwangu mna macho mengi." Nikamuuliza macho gani. Akaniambia kwamba mimi ndiye ninayekupelekea habari za nyendo zake. Nililia mbele ya watoto, nao wakaanza kulia bila kujua wanalilia nini.

Sasa anawapakia pacha garini na wale watoto wa watu gizagiza, wamesinzia, kichwa kimoja huku kingine kule.

Kaka, wewe unajua kama nimewahi kukwambia neno juu ya mkeo. Hata salamu zako huwa nasahau kuzijibu. Nakuomba mstari mmoja. Mwandikie kwamba si dada. Sitaki kujua ni nani. Mstari mmoja tu utanirudisha mlango wa pili.

Dada yako


Alhamisi, 11 Aprili

Baba Pacha,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye tairi kuukuu katika karakana ya Fundi Redio, kando ya kiwanda cha magodoro. Nakutajia mahali ili usisumbuke kupatafuta.

Jana asubuhi ilinyesha mvua ya kuziba macho. Nilikuwa na watoto wote garini, na pacha wetu kiti cha mbele, mmoja juu ya mwingine. Niliwasha taa zote, nikawasha waipa. Redio niliizima, kama ulivyoniagiza. Tulipofika kwenye mteremko wa shule taa zikaanza kufifia, waipa zikawa zinajikokota. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikadhani ni nje. Kisha magoti yangu yakaona joto, nikatazama chini, moshi ulikuwa unatoka chini ya usukani.

Sikupiga kelele. Sijui kwa nini, mimi ambaye nampigia kelele mende. Nilisogeza gari kando, nikazima, nikawaambia watoto tunacheza mchezo, kila mtu ashike mkono wa mwenzake na tushuke bila kukanyaga dimbwi. Walikanyaga yote. Nikawapanga mbali na gari, wakasimama kwenye mvua wanacheka. Pacha mdogo akaniuliza, "Mama, gari linapika nini?" Nikafungua boneti, nikachomoa waya wa betri kama Fundi Redio alivyonifundisha katika hotuba zake. Moshi ukakatika. Hakuna mtoto aliyeumia. Ningeandika sentensi hiyo mara nyingi kama karatasi ingetosha.

Leo nilimwambia fundi afungue chini ya usukani. Akauliza, "Na mumeo?" Nikamwambia mume wangu hakuwa kwenye moshi.

Waya za mfuko wa hewa ziko kwingine kabisa. Pale palikuwa na bolti imelegea, inacheza kama jino la mtoto. Hiyo ndiyo bolti inayoshika waya nyeusi za taa, za waipa na za dashibodi, ndipo umeme wote ule unaporudia kwenye bodi la gari. Mtu alikuwa ameilegeza akapenyeza waya wake mwembamba katikati, juu ya rangi, akaikaza nusu. Gari likitikisika inazidi kulegea. Fundi akaniambia mahali pa namna hiyo umeme unapita kwa taabu, na ukipita kwa taabu unatoa moto. Ule moto ukayeyusha ganda la waya mwekundu mwembamba uliokuwa jirani, nao haukuwa na fyuzi, ukagusa chuma, ukawaka kama utambi. Nusu nzima ya waya ule ni mkaa.

Akaufuata kwa kidole mpaka ulikoishia. Akatoa kidude cheusi kama kiberiti, kimefungwa kwa teipu ile ya bluu anayotumia mdogo wako kufungia simu za watu. Ndani mna laini ya simu.

Fundi Redio, ambaye hazimiki, alikitazama, akanitazama, akaenda kunawa mikono. Nilimhurumia.

Kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwa kinakwambia. Nimekaa hapa nikapanga mambo yote, yakajipanga yenyewe. Ulikuwa na shaka, ukafunga kidude. Kidude kikaharibu gari. Gari likanipeleka kwa fundi. Wewe ukaona naenda kwa fundi, shaka ikaota pembe. Ukanikataza nisifungue mahali penye ugonjwa, ukamwacha dada yako alie. Alikuomba mstari mmoja, ameniambia leo hii, nilipotoka hapa mara moja kwenda kumpigia magoti. Mwezi mzima mimi nimemnunia mtu asiye na kosa na wewe ulikuwa unajua. Uliniambia panapofuka moshi pana moto. Moshi nimeuona, Baba Pacha. Niliuvuta na wanao.

Nimekasirika mpaka nimetulia. Nitakusubiri useme.

Mama Pacha


Jumanne, 16 Aprili

Mke wangu,

Nimeandika barua nne nikazichana. Katika zote nilikuwa naanza kwa kueleza, na kila nikieleza naonekana mwenye haki.

Niliogopa. Hiyo ndiyo habari yote. Niliogopa kabla hujafanya lolote, na kila ulichofanya nikakiona kupitia woga huo. Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kukaa ndani ya greda bila kuiwasha, mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa. Namwona pacha mdogo kwenye mvua akiuliza gari linapika nini.

Kitoe kidude, kitupe chooni. Dada nimemwandikia leo hii hii, siyo mstari, kurasa mbili. Sijui kama atazisoma.

Nisamehe.

Mumeo


Jumapili, 21 Aprili

Baba Pacha,

Sikukitupa. Nimemwambia Fundi Redio akifunge tena.

Safari hii kimefungwa kama inavyotakiwa. Ile bolti ya gari imesafishwa, imekazwa, imerudishiwa waya zake peke yake bila mgeni. Kidude kimepewa mahali pake, rangi imekwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, waya mweusi mfupi na mnene, spana si koleo. Waya mwekundu una fyuzi ndogo kabisa. Redio haipigi mluzi tena, watoto wamehuzunika. Mshale wa mafuta umerudi kwenye ukweli, sasa ni mimi niliyehuzunika.

Jumamosi panda kwenye hilo lundo lako la kokoto, maana mdogo wako nimembana amenisimulia mpaka lundo. Fungua simu, itazame nukta. Utaiona inatoka nyumbani. Usiwe na shaka inakwenda kwa nani.

Pacha watabaki na Shangazi. Wifi nakuja naye. Barua yako ameisoma, lakini anasema kurasa mbili hazina uso.

Vaa shati safi.

Mama Pacha


Jumatatu, 29 Aprili

Mdogo wangu Chaja,

Utasikia kwa dada, lakini dada atakusimulia kwa kufupisha, kwa hiyo sikia kwangu.

Jumamosi nilipanda kokoto mapema, shati limenyooshwa. Nukta ilitoka, ikavuka daraja, ikaingia kwenye barabara hii niliyoisawazisha mwenyewe. Haikusimama popote. Kila ilivyokaribia nilitamani isimame kidogo, nipate muda. Ilipofika getini mlinzi akapiga filimbi nikashuka nikiteleza, shati likachafuka kabla sijaonwa.

Dada alishuka wa kwanza. Nilinyoosha mkono, hakuupokea. Akasema, "Mstari mmoja, kaka. Nilikuomba mstari mmoja." Nikamwomba radhi pale pale, mlinzi akisikia, na wapishi wakisikia. Nilimwambia kwamba nilimwacha ateseke ili nisijulikane. Akaniambia nimekonda. Nadhani hapo ndipo alipoanza kunisamehe.

Shemeji yako alifungua mlango wa dereva, akanipa spana. "Fungua mwenyewe."

Nililala chali, kichwa chini ya usukani, miguu nje. Bolti ile, mdogo wangu, imekazwa na mtu anayejua kukaza. Nilisukuma mpaka jasho likaniingia machoni. Mlinzi akauliza kama gari limeharibika. Shemeji yako akamjibu, "Halijaharibika, tunalipunguzia mzigo." Nilipomaliza nikataka kutoka, akanirudisha. Waya mwekundu haubaki uchi, alisema. Nikachomoa fyuzi, nikaufunga teipu, akainama akakagua kwa kidole chake. Kisha akaniweka mbele ya gari, akawasha taa, akauliza zote mbili zinawaka. Nikasema zinawaka sana.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza watafika lini nyumbani. Akawasha gari, akafunga mkanda, ndipo akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. Akasema, "Kuanzia leo utajua nitakachokuambia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekupa masharti ya kazi. Akageuza gari, dada akapunga mkono, vumbi likawafunika.

Kidude ninacho mfukoni. Usikitafutie mteja.

Jioni nilipanda kokoto kwa mazoea, nikafungua simu. Nukta iko pale pale ilipozimikia, getini kwetu, kwenye ramani kama iko juu ya kichwa changu. Nikaizima simu. Tangu hapo sijafungua, na lori la mafuta halijaja, na simu ni ya ugonjwa na msiba. Usiku huo wa Jumamosi mvua ilinyesha huko njiani, niliona radi.

Sijui wako wapi, mdogo wangu. Naamini wamefika.

Kaka yako